Usiku wa Ijumaa

Zaliata aliposhuka garini pale Belobaka, sikumtazama uso. Nilimtazama mikono. Ilikuwa imepita zaidi ya miaka arobaini bila kuonana, na watu wakikutana baada ya muda kama huo hutazamana usoni, kila mmoja akimtafuta yule aliyemjua. Mimi nilikwenda moja kwa moja kwenye mikono, nikaona vidole bado vimenyooka na ngozi laini kama ya mtu aliyeshona vitambaa maisha yake yote. Vyangu vimepinda. Chokaa ilianza kuvila zamani na baridi yabisi ikamalizia. Nikasema moyoni: hata hili amenishinda. Ndivyo nilivyompokea rafiki yangu wa ujana, na kama naandika habari hizi lazima nianze hapo, maana nikianza kwa kusema nilifurahi nitakuwa nimekudanganyeni mapema.

Aliyetukutanisha ni mwalimu Njara, kijana mwenye miwani anayefundisha ujenzi nje kidogo ya Mahajanga, hapo Belobaka. Mjukuu wangu Nadhufa ni mwanafunzi wake. Wanajifunza kujenga kwa chokaa na udongo, kwa sababu saruji bei yake haishikiki, na kwa sababu, anavyosema Njara, nyumba inayojengwa kwa kitu cha karibu hutengenezwa na mtu wa karibu. Mimi nilikuwa nikienda kuwaonyesha kupiga lipu, nakaa kitini, Nadhufa ananishikia ndoo. Siku moja nikamwona Njara anaandika ubaoni vipimo: chokaa kadhaa, mchanga kadhaa, majivu ya pumba za mpunga kadhaa. Juu yake akaandika kichwa cha habari. Sisomi haraka, herufi nazifuata moja moja kama mtu anayevuka mto kwa mawe, na nilipofika mwisho nikaona: Mchanganyiko wa Zaliata. Nikamuuliza Zaliata yupi. Akasema, "Koko," maana ndivyo tunavyomwita bibi, "ni mzee mmoja wa Nosy Be. Yeye alitumia majivu ya kiwanda cha sukari, sisi tumeweka ya pumba. Tumempelekea ujumbe aje. Kwani unamjua?" Miaka arobaini nimepaka kuta za Mahajanga, misikiti, majumba, vyoo, na hakuna hata kizingiti kimoja kilichoitwa kwa jina langu. Nikasema, "Namjua kidogo."

Mwaka tuliojuana ulikuwa miaka ya sabini ikimalizika. Ndugu zetu wengi wenye asili ya Komoro walikuwa wamekwisha ondoka Mahajanga baada ya mauaji yale, ambayo nimeyasema mahali pengine na hapa siyarudii. Pamoja nao waliondoka waashi. Mtu hafikirii hilo mpaka ukuta wake uanze kubabuka. Saruji nayo madukani haikuonekana. Meli ilikuja ikaondoka, ukiuliza unaambiwa labda ijayo. Huko Nosy Be, mjini Hell-Ville, alibaki fundi mmoja aliyejua chokaa tangu tanuri mpaka niru, ule mpako wa mwisho unaosuguliwa ukang'aa kama kikombe. Jina lake Fundi Soilihi. Hakuwa na mtoto wa kiume wala msaidizi, na kazi zilimjaa, basi akafanya jambo ambalo watu walilicheka sokoni: akachukua wasichana wawili. Mmoja mimi, Echati, nina miaka kumi na saba. Mwingine Zaliata wa Dzamandzar, mdogo wangu kwa mwaka.

Tulikaa nyumbani kwa Fundi, nyuma ya soko. Vyumba viwili, katikati ukuta wa mbao usiofika juu, kwa hiyo chafya ya chumba hiki iliombewa rehema chumba cha pili. Mkewe, Bi Moina, alitulaza kwenye kitanda kimoja cha kamba, kichwa changu miguuni kwa Zaliata. Asubuhi alitununulia mokary, vile vitumbua vya mchele na nazi, kwa mama mmoja aliyeitwa Tombo, aliyekuwa na kovu la moto kwenye mkono wa kushoto. Nakumbuka jina la kila mtu wa mwaka ule. Mwenye mtumbwi aliyetuletea mawe ni Velo, mbuzi wake akimwita Kapiteni. Wajukuu zangu husema Koko hajui alikoweka miwani ila anajua jina la mbuzi.

Kazi yangu ya kwanza haikuwa chokaa, ilikuwa maneno. Fundi alizungumza Kikomoro, na mambo yote ya kazi aliyasema kwa maneno ya kale ya Kiswahili aliyofundishwa na mafundi wake: tanuri, boriti, kidaka, niru. Zaliata alilelewa na mama yake Msakalava, karibu na kiwanda cha sukari, na lugha yake ilikuwa Kimalagasy. Kikomoro alikielewa cha salamu na cha kugombezwa. Basi mimi nilikaa katikati. Fundi akisema, nageuza. Zaliata akiuliza, nageuza. Nilipenda sana nafasi ile. Hakuna jiwe lililopita kati yao bila kupita kwangu.

Fundi alikuwa na masharti yake. Hakutaka matumbawe ya kung'olewa baharini yakiwa hai. Alisema jiwe lililo hai mwachie samaki, na akatutuma kuokota yaliyotupwa ufukweni na mabaki ya nyumba zilizoanguka. "Nyumba iliyokufa inazaa nyumba," alisema. Kuni za mikoko alizihesabu kama mtu anavyohesabu kuku wake. Tukishachoma mawe na kuyazimisha kwa maji, chokaa ilitiwa shimoni ikafunikwa, na hapo hakuna ruhusa kuigusa kwa miezi. Siku moja mimi nilifunua pembe nichungulie. Akaniona.

"Funika. Imelala hiyo. Wewe ukiamshwa kabla ya saa yako unakuwaje?"

Nikamgeuzia Zaliata, ambaye alilala miguuni kwangu na kunijua. Akajibu kwa Kimalagasy bila kuinua kichwa, "Mwambie Echati huwa anapasuka." Ilinibidi niyageuze mwenyewe matusi yangu. Fundi alicheka mpaka akakaa chini.

Sasa niseme lililonitafuna. Zaliata alikuwa na mkono. Sijui kulieleza vizuri zaidi. Mimi nilijifunza kwa kuhesabu: vijiko vingapi, mapigo mangapi, mwiko ulale vipi. Yeye alipeleka shavu karibu na ukuta, kama mtu anayesikiliza mtoto aliyelala, kisha akasema "bado" au "sasa", na ikawa kweli. Nilipompelekea Fundi lipu yangu alisema, "Vizuri, Echati," akaendelea na safari yake. Kwenye ya Zaliata alisimama. Kusimama kule kulinichoma kuliko sifa.

Halafu Zaliata akaleta majivu. Nyumba ya mama yake ilikuwa nyuma ya kichuguu cha majivu ya kiwanda, yale yanayobaki makapi ya miwa yakichomwa kwenye mitambo. Watoto waliyachezea, mvua ikinyesha yanashikana. Alikuwa ameona kwamba mahali yalipomwagikia chokaa, paligeuka jiwe. Akaniambia nimwambie Fundi. Nikamwambia, kwa sauti ya mtu anayechukua upuuzi wa mwenzake.

"Majivu ni ya kuoshea sufuria," akasema Fundi.

Zaliata hakubisha. Alikwenda kwao, akapaka sakafu ndogo ya kufulia nguo ya mama yake, akanyamaza. Baada ya wiki kadhaa tulipita huko kuchukua magunia. Fundi akaiona, akainama, akaikwaruza kwa ukucha, kisha kwa msumari. Akainuka, akafuta msumari kwenye kanzu yake, akatutangulia njia nzima ya kurudi.

Mchana wa siku ileile nilikuwa barazani natoa mawe kwenye mchele. Wao walidhani nimekwenda kisimani. Bi Moina alikuwa akitwanga kisamvu cha mataba, na kinu kilipotulia nikasikia anauliza, "Na Mahajanga utakwenda na yupi? Dada yangu ana nafasi ya msichana mmoja, si wawili." Nilijua habari ya Mahajanga. Fundi alikuwa ameitwa kutengeneza misikiti na majumba yaliyoachwa bila mwashi, kazi ya miaka, na atakayekwenda naye ndiye angerithi ufundi wote. Mimi Mahajanga ndiko kwetu. Nilikuwa na hamu ya kurudi huko mpaka ndoto zangu zilikuwa na mitaa yake.

"Yule wa Dzamandzar," akasema Fundi. "Mkono wake unasikia. Lakini nitampa birika kwanza, nione."

"Na Echati?"

Kinu kikapiga mara mbili, kikatulia tena.

"Echati ana bidii."

Mchele niliumaliza wote, sikuacha jiwe hata moja, na mpaka leo mtu akinisifu kwa bidii nasikia kinu kile kikianza tena.

Birika lenyewe lilikuwa la msikiti mdogo jirani na soko, limechimbwa chini ya ardhi, linapokea maji ya mvua kutoka paani. Lilikuwa limevuja miaka mingi. Ukuta wa nyumba ukikosea unaweza kuuficha kwa rangi, lakini birika halina siri: maji yanabaki au hayabaki. Fundi akampa Zaliata ndani yote. Mimi akanipa ukingo wa nje, pale watu wanapoweka ndoo. Kwa siku nyingi Zaliata alipanda na kushuka ngazi ile na taa yake, na Jumatano asubuhi akamaliza mpako wa mwisho. Alipotoka alikuwa mweupe kope kwa kope, akicheka, akaniambia, "Echati, nikianguka leo nizikeni hivihivi, nimekwisha vaa." Nikamletea maji. Nilikuwa bado nampenda, hilo lazima mlijue. Wivu haukuondoa mapenzi, ulikaa juu yake tu kama tembo aliyekalia kiti.

Adhuhuri ya siku hiyo ukaja ujumbe kutoka Nosy Komba kwamba shemeji yake Fundi amefariki. Zaliata alikuwa amekwenda Dzamandzar kuleta magunia. Nikamsindikiza Fundi mpaka kwenye mtumbwi wa Velo, na mguu wake mmoja ukiwa tayari majini akanigeukia.

"Mwambie Zaliata, asiingie mtu birikani mpaka usiku wa Ijumaa. Jua likizama tu, aingie, asugue kwa jiwe, kisha afunike kwa magunia ya maji. Asichelewe. Upepo huu mkavu."

Nikaitikia. Akaondoka.

Wanaosoma hapa wengine ni vijana, basi nieleze. Kwetu, kwa hesabu ya wazee wa Kiislamu, siku huanza jua linapozama. Usiku hutangulia mchana wake. Ukisema usiku wa Ijumaa unasema Alhamisi jioni, na kesho yake ndiyo Ijumaa yenyewe. Fundi hakuwa na hesabu nyingine. Lakini Zaliata alikulia kwenye king'ora cha kiwanda, na kwa Kimalagasy usiku ni wa siku iliyotoka kwisha. Ukimwambia usiku wa Ijumaa atangoja Ijumaa ipite yote, mchana wake na upepo wake, kisha ndipo aingie. Tofauti ni siku moja nzima. Mimi nilijua. Nilikuwa mtu pekee katika Nosy Be aliyesimama pale ambapo hesabu zile mbili zinapishana, na kwa miezi nilikuwa nikigeuza si maneno tu bali maana: Fundi akisema saa mbili namwambia saa nane ya Kifaransa, akisema usiku wa Jumapili namwambia Jumamosi jioni. Nilifanya hivyo bila kufikiri.

Zaliata aliporudi na magunia kichwani akaniuliza, "Fundi kasemaje?"

Nikamjibu kwa Kimalagasy, "*Alin'ny Zoma*. Usiku wa Ijumaa. Jua likizama. Asiingie mtu kabla."

Sikusema uongo. Nimelirudia jambo hili mbele ya nafsi yangu mara nyingi sana, kwenye ngazi, kwenye swala, kwenye vitanda vya kujifungua: sikusema uongo. Niligeuza neno kwa neno, kama karani. Ilikuwa tafsiri sahihi kuliko zote nilizowahi kufanya, na ndiyo pekee niliyoifanya kwa ubaya.

Kesho yake, Alhamisi, upepo wa kusi ulivuma tangu asubuhi, ule mkavu unaopasua midomo. Jioni tulikaa jikoni kwa Bi Moina, wali na mataba na kipande cha samaki cha kugawana. Zaliata hakula vizuri. Alikuwa akinusa.

"Echati, nadhani imeshaiva."

"Nini imeshaiva?"

"Niru yangu. Nimepita pale kwenye mdomo wa birika, hewa inayotoka si ya maji tena. Kasema hivyohivyo kweli? *Alin'ny Zoma*?"

"Hivyohivyo."

"Hajasema kitu kingine?"

Alikuwa amesema asichelewe. Lilikuwa hapo ulimini, na nilikuwa na mwiba wa samaki hapo hapo, nikajishughulisha na mwiba. "Kasema asiingie mtu," nikajibu. Mwadhini akaadhini magharibi. Bi Moina akainuka kutawadha, Zaliata akaramba vidole vyake, akasema basi, Fundi ndiye anayejua, na akaanza kunisimulia habari ya binamu yake aliyeuza jogoo mmoja kwa watu wawili. Nilicheka. Nilicheka sana, Bi Moina akatuambia tunyamaze, watu wanaswali.

Ijumaa jua lilipozama nilimshikia taa mdomoni mwa birika. Nilisikia kabla ya kuona. Jiwe la kusugulia likipita kwenye niru iliyo tayari linateleza, linatoa sauti kama kitambaa. Hili lilikwaruza. Likapita tena, likakwaruza. Kisha kimya, kisha sauti yake kutoka chini, ndogo: "Echati, lete taa karibu." Nyufa zilikuwa nyembamba, zimekwenda kila upande kama mishipa ya jani. Alisugua hata hivyo. Alisugua mpaka vidole vikatoa damu, na mimi juu nikashika taa vizuri isitikisike. Hiyo nayo ilikuwa bidii.

Fundi akarudi Jumamosi. Akashuka ngazi, akakaa huko muda mrefu, akatoka. Akamuuliza Zaliata, na mimi nikageuza.

"Uliingia lini?"

"Usiku wa Ijumaa, Fundi. Kama ulivyosema."

"Jua likizama?"

"Jua likizama."

Nilimtazama akiyapokea yale. Kwake yeye msichana alikuwa ameingia Alhamisi, kwa wakati, na bado limepasuka. Basi kosa halikuwa la siku, lilikuwa la mkono. Neno lilelile liliwadanganya wote wawili, mmoja akienda na mmoja akirudi, na walikuwa wamesimama karibu kiasi cha kuweza kushikana. Kati yao palikuwa na mtu mmoja tu. Fundi akamshika Zaliata bega, akasema kwa upole, upole wa kuumiza, "Si kila mkono, mwanangu." Hilo nalo nililigeuza.

Mahajanga nilikwenda mimi. Nilipata chumba kwa dada yake Bi Moina, kitanda changu peke yangu, na wiki za kwanza sikupata usingizi kwa kukosa miguu ya mtu karibu na kichwa. Nilijifunza yote. Fundi alinipa mwiko wake, alinipa jiwe lake la kusugulia, jeusi, la mtoni. Lakini tukimaliza ukuta mzuri alikuwa na tabia ya kusimama akautazama, na nilijua anamtazama nani. Mara moja alisema kwa sauti, "Yule wa Dzamandzar sijui ilikuwaje." Nilikuwa na nafasi ya kumwambia ilikuwaje. Nilikuwa na nafasi hiyo kila siku mpaka alipougua, na alipougua, na siku aliyonishika mkono akasema, "Bidii yako imenitosha, Echati." Amekufa akiamini kwamba mkono wake mzuri kuliko yote ulikuwa na kasoro.

Habari za Zaliata nilizipata kwa watu wa mashua. Nilisikia kwamba ameolewa, kwamba anashona vitambaa na kuviuza Nosy Komba. Kisha nikasikia lililonikosesha raha: kwamba birika la msikiti halivuji tena, limejaa. Kwamba alirudi peke yake, hakuna aliyemtuma, akazifungua nyufa moja moja na kuzijaza chokaa yenye majivu ya kiwanda, na zile nyufa sasa ni ngumu kuliko ukuta. Nilisema haiwezekani. Nilitafuta majivu Mahajanga, nikajaribu kwa siri uani kwangu, nikakosa vipimo, ikatoka uji. Sikumwandikia kumwuliza. Kiwanda cha Dzamandzar kimefungwa siku nyingi sasa, na birika bado lina maji.

Basi ndiye huyu ameshuka garini. Tulikula pamoja darasani, wali na kuku, wanafunzi wamekaa chini wakitutazama kama watu waliofufuka. Alizungumza juu ya magoti yake, juu ya Tombo aliyefariki, juu ya jogoo aliyeuzwa mara mbili. Kikomoro chake kimekuwa kizuri kuliko changu. Hakugusa habari ya birika na mimi sikuigusa, na nikaanza kufikiri huenda hatajua kamwe, na nikashangaa kwamba hilo halinipi nafuu.

Alasiri wanafunzi wakamaliza kupaka niru tangi dogo la maji ya mvua, kwa mchanganyiko wake. Ilikuwa Jumatano. Njara ana utaratibu wake pale: maagizo yakitolewa, mwashi, seremala na fundi bomba husimama pamoja, na kila mmoja huyarudia kwa lugha yake kabla mtu hajaondoka. Anasema majengo mengi huharibika mdomoni kabla ya kuharibika ukutani. Akamgeukia Zaliata na kalamu yake. "Dady," akasema, yaani bibi kwa Kisakalava, "waanze kusugua lini?"

Zaliata alikuwa akifuta mikono ile. "Muulize Echati," akasema. "Maneno ya Fundi alikuwa akiyachukua yeye."

Hakunitazama. Hakuwa na haja. Wanafunzi wote wakageuka, Nadhufa mbele yao, ananitazama kwa fahari, na nikajua kwamba Zaliata anajua, na kwamba alikuwa amenibebea jambo hili muda wote huo kama mtu anayekutunzia mzigo mpaka utakapokuja na nguvu za kuuchukua. Nikaona wivu hapo hapo. Hata toba yangu ameifikia kabla yangu.

"Kesho," nikasema. "Alhamisi, jua likizama. *Alakamisy hariva*. Fundi Soilihi aliita usiku wa Ijumaa."

Msichana mmoja wa useremala akainua mkono. "Koko, usiku wa Ijumaa si keshokutwa?"

"Kwako ni keshokutwa. Kwake yeye ilikuwa Alhamisi. Mimi nilijua zote mbili, na nilimpa Zaliata ile isiyo yake. Ndiyo maana birika lilipasuka. Mkono wake haukuwa na kosa."

Njara akaandika, kisha kwa sauti ya chini akasema, turudie. Mwashi akarudia, seremala akarudia, fundi bomba akarudia kwa Kifaransa chake. Wa mwisho alikuwa Zaliata, ambaye hakuna aliyemwomba.

"Alhamisi, jua likizama," akasema. "Nimesikia."

Kwenye bomba la kunawia nikamuuliza alijua lini. Akasema ni Ramadhani ya mwaka uliofuata. Bi Moina, ambaye alibaki kidogo Nosy Be kabla ya kutufuata, alimwambia tarawehe zinaanza usiku wa Ijumaa, na Alhamisi jioni akaona watu wote wanakwenda msikitini. "Nilikuwa nimebeba sinia la uji. Nikaliweka chini barabarani."

"Hukuniletea salamu, hukunitukana."

"Nilikwenda kuziba nyufa kwanza. Kisha nikangoja uniambie siku."

"Si nimekuambia?"

"Umechelewa kidogo," akasema, akafunga bomba.

Kesho yake nilimwambia Nadhufa anipeleke mapema. Jua lilikuwa bado juu ya miembe ya barabara ya bara nilipofika kwenye tangi, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nimefika kabla ya Zaliata. Nilipeleka shavu karibu na ukuta kama alivyokuwa akifanya yeye. Sisikii kitu kwa shavu, sijawahi kusikia. Nikaweka kidole, nikahesabu, na hesabu ikaniambia imeiva. Jiwe la Fundi lilikuwa mfukoni. Ningeweza kuanza. Wanafunzi walikuwa wamekusanyika, wangeona mkono wangu kwanza, na ukuta ule ungeng'aa kwa kazi yangu. Nikapindua ndoo, nikaikalia, nikaliweka jiwe mapajani. Akaonekana mbali, anakuja taratibu na magoti yake, bila haraka yoyote, na nikamwonea wivu hata mwendo ule, wa mtu anayejua kwamba nitamngoja.